Kielelezo kisiponzwe na karatasi: kutoka shehiani hadi mahakamani

Askari aliyehamishiwa upelelezi, Unguja au Pemba, hujifunza upesi kuhoji watu. Kinachomwangusha mahakamani ni kielelezo, yaani kitu kinacholetwa kama ushahidi. Kwenye kesi ya dawa za kulevya, wakili wa utetezi mara nyingi habishani na kemia. Anabisha kwamba kete (vifurushi vidogo vya dawa) zilizopimwa si zile alizokamatwa nazo mteja wake.

Upekuzi wa nyumba ufanye mbele ya sheha (kiongozi wa serikali wa shehia) au shahidi mwingine asiye askari, aingie nawe tangu mlangoni. Sheha aliyeitwa baadaye kuja kutia saini tu atalisema hilo akiulizwa, na kesi imekwisha. Hesabu kete kwa sauti, moja moja, andika idadi palepale kwenye hati ya ukamataji, kisha asaini shahidi, mtuhumiwa na wewe. Mtuhumiwa akikataa, andika kuwa amekataa.

Bangi mbichi ina mtego wake. Inakauka stoo na uzito unashuka, kwa hiyo gramu za kituoni hazitalingana na za maabara. Andika neno "mbichi", pima pamoja na kifungashio na bila ya kifungashio, taja na mizani uliyotumia. Usiifunge kwenye mfuko wa plastiki: kwa unyevu wa huku, hasa masika, itaota ukungu kabla ya kufika maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Bahasha ya kaki inatosha. Nguo yenye damu nayo ikaushe kivulini kwanza, kila nguo na bahasha yake.

Ziba kwa lakiri (nta ya kuzibia), saini ipite juu ya mfuniko ili bahasha ikifunguliwa ionekane. Kielelezo kinachopanda boti bandari ya Mkoani, Pemba, kuja Unguja hupita kwa mtunza stoo, msindikizaji na mpokeaji wa maabara. Kila makabidhiano yawe na mstari wake: nani katoa, nani kapokea, tarehe, saa, lakiri ikoje. Msindikizaji asikiweke kwenye mizigo ya abiria. Akae nacho mkononi safari nzima.

Na hiyo saa iandikwe kwa namna moja. Mmoja akiandika saa 8 mchana, mwenzake akaandika 2:00 kwa makabidhiano yaleyale, jalada linaonesha kielelezo kilipokelewa muda wa saa sita kabla ya kutolewa.