Unarudi Arusha likizo na leseni ya urubani? Anza na cheti cha afya

Desemba ikikaribia, Wachaga na Waarusha walioko ughaibuni huanza kuulizana bei za tiketi. Siku hizi wapo wenye leseni ya urubani binafsi, na hamu yao ni moja: kumpandisha mama kwenye ndege ndogo auone Kilimanjaro kwa juu. Inawezekana, ila usitegemee kufika Kisongo, uwanja wa ndege wa Arusha, na kukabidhiwa funguo.

Leseni hufuata usajili wa ndege. Ndege za Tanzania zina namba zinazoanza na 5H, kwa hiyo anayekuruhusu kuzirusha ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, hata kama umerusha miaka mingi Texas au Kent. Kabla ya kukupa idhini, mamlaka lazima ijiridhishe kwamba leseni yako ni halali kule ilikotolewa. Barua za kuulizia hilo huchukua muda, na hakuna wa kuziharakisha kwa sababu tu unarudi kazini Januari 3. Tena idhini hiyo haiwezi kudumu kuliko leseni yenyewe.

Wengi hukwama kwenye afya. Marekani kuna BasicMed, utaratibu wa kurusha ndege ndogo bila cheti kamili cha afya cha rubani, Uingereza kuna tamko ambalo rubani hujaza mwenyewe kuhusu afya yake. Vyote viwili ni halali huko, lakini havikidhi viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na hapa havitakusaidia. Nenda kwa daktari wa marubani aliyeidhinishwa, upimwe moyo, masikio, macho na uwezo wa kutofautisha rangi. Kwa viwango vya ICAO, cheti cha daraja la pili, ambacho ndicho cha rubani binafsi, hudumu miezi 60 kwa aliye chini ya miaka 40, na 24 kwa aliyevuka umri huo. Ukiandikiwa miwani, beba na ya akiba, ni sharti.

Wenye leseni za Marekani waangalie pia lugha. Kadi yao husema tu kwamba wanamudu Kiingereza, haitaji kiwango, wakati ICAO inataka angalau kiwango cha 4. Uliza mapema.

Walimu wa urubani, nanyi sikilizeni. Marekani mwalimu anaweza kufundisha bila cheti cha afya ikiwa mwanafunzi wake ndiye rubani mkuu kisheria. Msihamishe mazoea hayo. Idhini ya kurusha si idhini ya kufundisha, na mwenye pasipoti ya kigeni anahitaji kibali cha kazi, hata kama anasema "nawasaidia tu wiki mbili".

Sasa bima. Usiridhike kuambiwa "ndege ina bima kubwa". Omba uone kipengele cha marubani: wametajwa kwa majina, au kwa kiwango cha chini cha saa walizorusha? Kama jina lako halimo na saa hazitoshi, ndege ikigonga uzio ni wewe na mfuko wako. Bima ya anayekodi ndege uliyonunua ughaibuni mara nyingi ina mipaka ya nchi. Isome na bima yako ya maisha, kwani nyingi huwatenga marubani wa ndege binafsi.

Mwenye ndege akidai urushe kwanza na mwalimu wa hapa, usinune. Kisongo iko zaidi ya futi 4,500 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa jua kali, kwenye hewa nyepesi ya huko juu, ndege iliyojaa shangazi watatu huhitaji barabara ya kurukia ndefu kuliko uliyozoea Florida. Na wakitaka kukuchangia nauli, kataa: rubani binafsi halipwi.