Agosti ya wageni: ninavyopokea familia mpya shuleni kwetu

Mwaka wa kwanza kumpeleka binti yangu shule ya kimataifa hapa Dar es Salaam, nilifika getini nimevaa dera, mtoto nimemshika mkono, begi lake liko begani kwangu. Mama mmoja wa kamati, kavaa fulana iliyoandikwa Karibu, alikuwa anagawa vikapu kwa wazazi wapya. Akanipita. Akampa aliyekuwa nyuma yangu, akampa na wa nyuma yake. Kisha akanirudia, uso wote tabasamu, akaniuliza kwa Kiingereza cha taratibu: mama wa huyu mtoto atafika saa ngapi?

Alidhani mimi ni dada wa kazi.

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaona kununa hakulipi ada, na mwaka uliofuata nikajiandikisha kwenye kamati ileile. Huu ni mwaka wangu wa saba. Nayaandika haya kwa ajili yako mzazi uliyetwishwa ukaribisho Agosti hii kwa sababu kwenye kikao ulikaa kiti cha mbele, na sasa hujui uanzie wapi.

Anza Julai, na anza na orodha

Omba ofisini orodha ya familia mpya walioridhia mawasiliano yao yatolewe kwa wazazi wenzao. Usichukue namba kwa mlango wa nyuma, hata kama mtu wa mapokezi ni shoga yako. Unataka kujua mambo manne tu: watoto wako madarasa gani, familia inakaa mtaa gani, nyumbani wanaongea lugha gani, na mtoto anatoka mfumo gani wa shule.

Hilo la nne kamati nyingi hulisahau, na ndilo linalowakosesha wazazi usingizi. Sisi tunaanza mwaka Agosti. Mtoto aliyetoka Seoul alianza mwaka wake Machi. Wa Tokyo, Aprili. Wa Johannesburg na wa shule zetu za hapahapa, Januari. Wote wanaingia katikati ya safari. Mtoto wa Kitanzania aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza nusu ya darasa la nne anaambiwa ataingia Year 5. Bibi yake Korogwe anasikia la tano, anapiga vigelegele kuwa mjukuu karushwa darasa. Baba mtu anaona atapwaya. Mama anaona aibu kuuliza. Mwambieni mapema, bila kumsubiri aulize: hesabu ya Waingereza, ambayo ndiyo ya hizi Year, huanza mtoto ana miaka mitano, yetu huanza ana sita, kwa hiyo Year 5 ni watoto wa rika lilelile la darasa la nne. Hajarushwa, hajarudishwa. Nimeona mama anashusha pumzi kwa sentensi hiyo moja kuliko kwa chai yote tuliyompikia.

Na hapa niseme langu. Watanzania ndio wageni wanaosahaulika kuliko wote. Aliyetoka Lisbon kila mtu anamkimbilia, anaonekana mgeni toka mbali. Aliyetoka shule ya Kimara anaachwa kwa sababu eti yuko kwao. Yuko kwao Dar, siyo hapa shuleni. Hajui kwa nini mtoto harudi na daftari lililojaa alama nyekundu, hajui mkutano wa mwalimu ni dakika kumi au saa nzima, na hatauliza, kwa sababu anajua akiuliza ataonekana mshamba. Katika orodha yako mwekee alama, umpigie wa kwanza.

Mpe kila familia mwenyeji mmoja

Siyo kamati nzima, familia moja. Kosa la kawaida ni kuoanisha kwa uraia: Wahindi kwa Wahindi, Wakorea kwa Wakorea, kazi imekwisha. Mimi naoanisha kwanza kwa mtaa, pili kwa darasa la mtoto, na lugha inakuja ya tatu. Jirani wa Msasani ndiye atakayejua maji yamekatika kwako pia au ni simtanki lako limekauka. Ndiye mtakayekaa naye kwenye foleni moja ya Haile Selassie asubuhi. Lugha naitanguliza pale tu ambapo mzazi hana Kiingereza wala Kiswahili cha kujikimu.

Ujumbe wa kwanza mwenyeji aupeleke mwenyewe, wiki mbili kabla shule haijafunguliwa. Usimwache aandike "usisite kuniuliza lolote". Maneno hayo hayajawahi kuulizwa chochote tangu yaanze kuandikwa. Mtu mpya hajui hata asichokijua. Mwenyeji ndiye aulize, na aulize kitu chenye jibu. Wa kwangu huwa hivi:

"Habari za leo. Mimi ni mama wa mtoto wa Year 5, tunakaa Mikocheni. Mmeshapata maji ya kunywa na laini ya simu? Jumamosi asubuhi nitakuwa shuleni nawaonyesha watoto vyoo, bomba la maji na pale basi linaposimama. Nikiwapitia saa 3 kasorobo itawafaa?"

Familia ya Kiingereza inapelekewa kwa Kiingereza. Changu ni cha kuombea maji na kimetosha miaka yote sita.

Laini ya simu nimeitaja makusudi. Mgeni anasajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole, kwa hiyo hawezi kumtuma dereva, lazima aende mwenyewe. Kingine ni umeme. Mwaka juzi familia moja ililala giza usiku wa kwanza wakidhani mji mzima umekatika, wakati kwa jirani taa zinawaka na televisheni inasikika hadi kwao. Mwenye nyumba aliwaachia uniti chache kwenye mita ya Luku, hakuwaambia. Hela walikuwa nazo, hawakujua tu kwamba umeme wa huku unanunuliwa kwa simu na unajibiwa kwa namba 20 za kubonyeza ukutani. Siku hizi mwenyeji anaambiwa: siku mgeni wako anapoingia, kasome mita yake kabla hujamsalimia. Natania, salimia kwanza.

Mambo mengine yaandike kwenye karatasi moja, upande mmoja. Namba ya dharura 112, zimamoto 114. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, wasishangae sokoni. Mkoba ukitembea ubebe upande wa ukuta, siyo wa barabara. Hilo la mkoba liseme mara moja, kwa sentensi moja, ukae kimya. Kuna wazazi wenzetu wanapenda kumsimulia mgeni kila simu iliyokwapuliwa na bodaboda tangu enzi za Mkapa. Waweke mbali na meza ya wageni, wape kazi ya kupanga viti.

Getini ndiko kunakopokelewa mtu

Sura ya kwanza anayokutana nayo mgeni ni ya mlinzi, ya pili ni ya dada wa basi. Mwalimu mkuu ni wa tatu au wa nne. Kwa hiyo siku mbili kabla ya kufungua, mimi huwapikia chai walinzi, madereva na madada wa mabasi, tunakaa chini ya mwembe na orodha ya majina ya watoto wapya, tunayatamka. Mlinzi mmoja mzee, sote tunamwita Babu, alirudia jina la mtoto wa Kivietinamu mara nane hadi likakaa. Siku ya kwanza yule mtoto alishuka kwenye gari amejikunyata, Babu akamwita kwa jina lake sawasawa. Mtoto akasimama kabisa, akageuka kumwangalia mama yake.

Tunakubaliana pia swali la getini. Haulizwi mtu "wewe ni nani wa mtoto". Unasema: "Karibu, umemleta nani leo?" Awe mama, awe shangazi, awe dada wa kazi, anajibu bila kuumia. Hilo mnajua limetoka wapi.

Siku ya chai

Usiipange Agosti 8. Ni Nane Nane, ofisi zimefungwa, watu wamesafiri. Tulishafanya hivyo, tukala sambusa wenyewe hadi jioni.

Saa iandike mara mbili. Mwaka wangu wa pili niliandika mwaliko kwa Kiswahili, kwa fahari kabisa: chai ni saa 3. Baba mmoja wa Kikorea, ambaye alikuwa ameanza kujifunza Kiswahili kabla hata ya kupanda ndege, alisoma mwenyewe bila msaada, akafurahi. Akaja saa tisa alasiri, yaani tatu yao, amevaa suti, ana boksi la biskuti. Viti vimeshapangwa, meza zimefutwa. Nilitamani ardhi inimeze. Tukamimina chai iliyobaki kwenye chupa, tukakaa yeye, mimi na mlinzi, tukala biskuti zake. Tangu siku hiyo naandika "saa 3 asubuhi (09:00)", na yule baba ndiye mjumbe anayewahi kuliko sote kwenye kamati hadi leo.

Chakula kiwe cha nyumbani, lakini kila sahani iwe na karatasi yake. Sambusa za nyama mbali, za mboga mbali, na siyo kwenye sinia moja kwa kutenganishwa na majani ya saladi. Wapo wasiokula nyama kabisa na koleo likishagusa huku wameshaacha na kule. Karanga, korosho na kashata kaa nazo mbali, mtoto mwenye mzio haangalii ladha. Mimi hukadiria sambusa tatu kwa mtu mzima, vitumbua viwili, maandazi ya iliki yasiyo na hesabu, na juisi ya ukwaju, ambayo nusu ya wageni wataiogopa kwa rangi na nusu nyingine wataiulizia hadi Desemba.

Hotuba dakika tano. Mwenye zaidi ya tano aiandike abandike ubaoni.

Kwenye beji za majina, kila mtu aandike la kwake, na chini yake Mama Fulani au Baba Fulani kwa jina la mtoto. Waelezwe kuwa huku ndivyo watakavyoitwa na muuza matunda, fundi na mwalimu, na siyo kusahaulika jina, ni heshima. Wengi hulipenda. Mmoja aliniambia hajawahi kuwa mama wa mtu hadharani namna ile.

Vikapu vya zawadi: kikapu cha ukili, kahawa ya Kilimanjaro au Kagera, chumvi ya bahari, na kanga. Kanga isome. Mwaka mmoja mwenzetu alienda Kariakoo, akapata doti kwa bei nzuri, rangi ya chungwa inayowaka, akafunga kumi na mbili, akagawa. Alikuwa hajui kusoma Kiswahili vizuri, na sisi tuliojua hatukuzifungua. Mama mpya wa kutoka Mombasa ndiye aliyeikunjua ya kwake mbele ya watu, akasoma kwa sauti: "Hasidi hana sababu." Kisha akaniangalia mimi, akasema, "Haya, dadangu, tumefika leo tu." Tulicheka hadi tukalia, lakini kumi na moja nyingine zilikuwa zimeshaondoka, na moja naiona hadi leo imetundikwa sebuleni kwa watu, ukutani, kwenye fremu. Sijawaambia.

Watoto

Mwombe mwalimu wa darasa amchagulie mtoto mpya wenzake wawili, siyo mmoja. Mmoja akiugua malaria wiki ya kwanza, mgeni wako anakula mapumzikoni peke yake. Siku ya matembezi ya Jumamosi waonyeshe choo na bomba kabla ya maktaba na bwawa la kuogelea. Na mzazi ambaye mtoto wake hana lugha ya shule umwambie kuwa mtoto anaweza kukaa kimya wiki nyingi, anasikiliza tu, anaweka akiba. Asimlazimishe kuongea mbele ya wageni mezani.

Wiki ya tatu

Shughuli zote hizo, beji na sambusa, ni za wiki ya kwanza, na wiki ya kwanza hakuna anayeumia. Mgeni ana maboksi ya kufungua. Wiki ya tatu maboksi yamekwisha, watoto wako shuleni, mwenzake yuko ofisini, na yeye kabaki ghorofani Masaki anaangalia bahari. Mara nyingi kibali chake ni cha mtegemezi, hakimruhusu kufanya kazi, na alikotoka alikuwa mhandisi au daktari. Hapo ndipo simu yako ina thamani.

Nimeandika kwenye kalenda ya simu: Jumanne ya wiki ya tatu. Siku hiyo kila mwenyeji anampitia mgeni wake wanakwenda mahali pa kununua kitu. Siyo mgahawani, huko mtakaa mnaangaliana. Mimi nawapeleka soko la Namanga, hapahapa Dar, kwa mboga, au soko la Feri kwa samaki kama mtu ana tumbo la harufu na anaweza kuamka mapema. Akishapatana mwenyewe bei ya samaki changu, kwa vidole na kwa "punguza mama", anarudi nyumbani mtu mwingine. Nikiona mtu analia garini, simwambii atazoea. Nasema pole, nawasha kiyoyozi, naendelea kuendesha taratibu kupitia Daraja la Tanzanite, ambalo ni refu kiasi cha kutosha.

Mwisho, usigawe vikapu vyote. Mimi huficha vinne kwenye kabati la nyuma ya jukwaa, na kanga zilizosomwa. Januari kuna familia mbili tatu huingia, hakuna chai, hakuna fulana, kamati imechoka na wengine bado wako Moshi kwenye Krismasi. Ufunguo wa kabati anao Babu.