Kabla hujalipia NFT ya kuweka profaili, ipunguze ukubwa kwanza

Ukiwa OpenSea, soko la mtandaoni la NFT (picha za kidijitali ambazo umiliki wake umeandikwa kwenye mtandao wa kripto), unachagua, picha inajaa kioo chote cha simu na unaona mpaka kope. Ukishainunua na kuiweka X (zamani Twitter) au Discord, programu ya makundi ya gumzo, itaishi ndani ya duara lenye upana wa pikseli 40 hivi. Kwenye orodha ya wanachama wa Discord ni 32. Sasa kwa nini uichague kwa ukubwa ambao hakuna mtu atakayeiona nao?

Mimi nakata stika Mlango Mmoja, hapa Mwanza. Nabandika ubavuni mwa daladala, kwenye matenki ya bodaboda, na kwenye mitumbwi ya watu wa Mwaloni, Kirumba. Vijana wa kripto huja kwangu kuchapa fulana, na wengi huanza kuniambia picha yao ni adimu kiasi gani. Kijana mmoja anayesoma kule Malimbe alinionyesha NFT ya sokwe anayotaka kuinunua.

"Kaka, cheki hereni ya dhahabu. Wenye hii ni wachache sana."

"Iko wapi?"

Akaikuza kwa vidole viwili. Nikamwambia, mdogo wangu, nani huko mtandaoni atakayekukuza kwa vidole?

Hapo ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Bei ya hizi picha hufuata uadimu, na uadimu mara nyingi umekaa kwenye kitu kidogo: hereni, kidani, mchoro wa kwenye fulana. Kinachobaki picha ikiwa ndogo ni umbo la kichwa na rangi moja kubwa, basi. Mwenye mtumbwi akisimama ufukweni asubuhi kungoja chombo chake kirudi, hasomi jina nililomwandikia. Anatafuta mkanda wa rangi. Kwa hiyo picha ya bei ya chini kabisa kwenye mkusanyiko (seti ya picha za mtoaji mmoja) inaweza kukufaa kuliko ile ya mamilioni, kama ina kofia kubwa na mandharinyuma iliyokolea.

Jaribio lenyewe halina gharama. Piga skrinishoti ya picha unayoitamani kabla ya kulipa chochote. Ifungue kwenye matunzio ya simu, kisha bana mpaka picha zote ziwe vipande vidogo vidogo. Angalia pembeni, rudi uangalie tena. Jicho limeipata mara moja, au umeitafuta? Ukiitafuta wewe mwenye hamu nayo, mwenzako hataitafuta kabisa.

Ikipita hapo, iweke kichujio cha nyeusi na nyeupe. Hapa nyingi hufa. Sokwe wa kahawia juu ya mandharinyuma ya zambarau anapendeza ukiwa na rangi, ila vyote viwili vikiwa na giza sawa, ukiondoa rangi anabaki doa. Unachotaka ni tofauti ya mwanga na giza kati ya kichwa na kilicho nyuma yake. Angalia pia simu ikiwa kwenye hali ya giza: mandharinyuma nyeusi huungana na kioo, na mhusika anaonekana kama kichwa kinachoelea. Nyeupe tupu nayo hupotea kwenye hali ya mwanga. Rangi za katikati zilizokolea, kama chungwa, manjano ya haradali au kijani kibichi, zinakaa pote pawili.

Halafu toka nje. Nasema kweli, toka. Saa saba mchana pale Makoroboi, jua limesimama utosini, mwanga wa simu umeushusha kwa sababu chaji imebaki asilimia chache: hivyo ndivyo watu wa kwetu wanavyoangalia simu. Zile picha za rangi hafifu, waridi ya maziwa na samawati ya mawingu, nzuri sana kwenye kompyuta ya ofisini, hapo nje zinakuwa karatasi tupu.

Wanaosema picha ya maana lazima iwe na mambo mengi nawapeleka kwa CryptoPunks. Larva Labs waliwatoa mwaka 2017, sura 10,000, kila moja ikiwa ni pikseli 24 kwa 24. Zilizaliwa ndogo, kwa hiyo kila pikseli ina kazi yake na hakuna cha kupotea. Wale viumbe wa anga za juu wako 9 tu, na uadimu wao uko kwenye rangi ya ngozi nzima, unaonekana hata ukiwa mbali. Uadimu wa namna hiyo ndio wa kulipia, kama pesa unazo. Mimi sina.

Ila picha za pikseli zina mtego. Ukipakia faili la 24 kwa 24 lilivyo, programu italinyoosha yenyewe na kulilainisha, na kingo zitakuwa ukungu. Likuze mwenyewe kwanza, ulainishaji ukiwa umezimwa, na kwa mara kamili: 480 ni 24 mara 20, safi. 400 haigawanyiki kwa 24, pikseli zitatoka nyingine nene nyingine nyembamba. Hifadhi kama PNG. JPEG huanza kupunguza taarifa za rangi, na mstari mwembamba mwekundu juu ya bluu ndio unaoharibika wa kwanza.

Duara nalo lina mambo yake. Linakula pembe zote nne, zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya picha. Pembe za ng'ombe, ncha ya kofia, moshi wa kiko: kama viko pembeni, vihesabu vimekwenda. Lakini hakuna anayekulazimisha kuweka picha nzima. Twitter walileta fremu ya pembe sita ya NFT Januari 2022, ikaondolewa mwanzoni mwa 2024. Sasa hivi unapakia faili la kawaida kama mtu mwingine yeyote. Tokeni, yaani ile rekodi ya umiliki, inabaki kwenye pochi yako ya kripto ilivyo. Kata mabega, kata fulana, uso ujaze duara. Watu wanaona hii ni kuharibu mali, mimi naona ni kuitumia.

Kitu cha kuamua mapema ni nani unataka akutambue. Kwenye kundi la Discord la mkusanyiko wa masokwe kila mtu ni sokwe, kwa hiyo kinachokutofautisha ni mandharinyuma na kitu kikubwa cha kichwani. Ingia kundini kabla ya kununua, uone rangi ipi imejaa, uikwepe. Nje ya kundi mambo ni kinyume: huko unatambulika kwa kuwa sokwe, na utofauti wako hauna kazi kubwa.

Majaribio yote haya hayahitaji kuunganisha pochi mahali popote. Tovuti ikikuambia uunganishe ili "kujaribu picha," funga. Ikiomba yale maneno 12 ya siri yanayofungua pochi, funga haraka zaidi.

Ukishaipakia, usijikague kwenye simu yako, maana wewe tayari unajua kilichomo. Azima simu ya mtu, iwe na kioo kilichopasuka ikibidi, mwambie akutafute kwenye orodha ya majina bila kusoma jina.