Somo: Kurekebisha nyuso zilizovutwa na lenzi

Picha ya ukoo ukumbini, siku ya harusi. Watu wamebanana mbele ya jukwaa, mpiga picha naye amebanwa na meza nyuma yake, basi anafungua lenzi hadi mwisho wa upana, 24mm (namba ikiwa ndogo, lenzi huona pana zaidi). Wa katikati wanatoka vizuri. Shangazi aliyesimama pembeni kabisa anatoka na kichwa kama yai lililolazwa, shavu limekimbilia kona ya picha na mkono umenenepa. Akiiona anaomba ifutwe, na ana haki: yule si yeye.

Kabla ya kugusa kitu, jua unatibu nini. Kuna matatizo matatu, na dawa ya moja huzidisha jingine.

La kwanza ni la kioo cha lenzi chenyewe: fremu ya mlango au ukingo wa ukuta unabinuka kwa nje. La pili ni kuvutwa kwa pembeni, nalo hutokea hata kwa lenzi ya bei kubwa isiyopinda mstari hata mmoja. Ili mistari ibaki imenyooka, chochote cha mviringo kilicho mbali na katikati lazima kivutwe. Kwenye kamera ya fremu kamili (yenye sensa, yaani kipokea mwanga, ya milimita 36 kwa 24), kichwa kilicho ukingoni kabisa, kushoto au kulia, huzidi upana kwa takriban asilimia 25 ukitumia 24mm, asilimia 12 kwa 35mm, na 6 tu kwa 50mm. La tatu ni ukaribu. Kamera ikiwa sentimita 30 kutoka puani, masikio yako nyuma zaidi kwa kama sentimita 12, hivyo pua inakuzwa kuliko masikio kwa karibu asilimia 40. Rudi nyuma hadi mita moja na nusu, tofauti hiyo inashuka hadi asilimia 8.

Sasa kazi. Natumia GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa sababu ni ya bure.

Hatua ya 1. Rudufu leya (tabaka) ya picha, ufanyie kazi ile nakala.

Hatua ya 2. Tafuta mstari ulionyooka: nguzo, mlango, ukingo wa jukwaa. Ukiwa umebinuka kwa nje, ingia "Filters", kisha "Distorts", kisha "Lens Distortion", na usogeze "Main" upande wa hasi kidogo kidogo hadi unyooke. Ukiwa tayari umenyooka, usiguse hapo. Ukiendelea kuusogeza hasi, unamvuta shangazi zaidi.

Hatua ya 3. Tafuta kitu cha mviringo kilicho karibu na uso ulioharibika. Mimi hupenda hereni ya duara inayotazama kamera, au uso wa saa ya mkononi. Kikionekana yai, hicho ndicho kipimo chako: kikirudi kuwa duara, uso nao umerudi. Bila kipimo cha namna hii utajikuta unamrembesha mtu badala ya kumrekebisha.

Hatua ya 4. Chukua "Warp Transform", weka hali ya "Move pixels". Brashi iwe kubwa kuliko kichwa kizima na nguvu iwe ndogo. Sukuma kutoka ukingo wa nje kuelekea katikati ya picha, kichwa, bega na mkono kwa pamoja. Brashi ndogo huacha taya lenye mawimbi, na kichwa kikisukumwa peke yake hukaa juu ya mabega ya mtu mwingine.

Hatua ya 5. Washa na kuzima leya ya juu, uangalie ukuta ulio nyuma ya mtu uliyemrekebisha. Ukiwa umejikunja, punguza.

Wanaotumia Lightroom, programu ya picha ya Adobe: "Enable Profile Corrections" hunyoosha kuta, lakini kwa lenzi pana huwasukuma wa pembeni nje zaidi. Kwenye picha za watu, shusha slaida yake ya "Distortion" kuelekea 0. Pazia likipinda kidogo nani ataliona? Uso kila mtu anauona.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Selfi zangu pua inakuwa kubwa. Inarekebishika?

Marahaba. Kwa kiasi. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walikokotoa kwamba selfi ya sentimita 30 huonyesha pua pana kwa takriban asilimia 30 kuliko picha ya mita moja na nusu. Unaweza kuipunguza pua kwa brashi, lakini masikio ambayo mashavu yameyaficha hayapo kwenye faili, na hakuna slaida ya kuyarudisha. Mpe mtu simu asimame mbali, kisha avute kwa x2.

Mkuu, nina Canon ya sensa ndogo na lenzi ya 50mm. Ninunue 85mm?

Bado, ndugu. Sensa ndogo ya Canon hukata picha kana kwamba lenzi ni ndefu mara 1.6: 50 mara 1.6 ni 80, inatosha kabisa kwa picha za uso. Kinacholinda sura ni umbali wako na mtu. Lenzi inaamua tu picha ikatwe wapi.

Chumba kidogo, siwezi kurudi nyuma, na watu ni wengi. Nifanyeje?

Wapange safu tatu badala ya moja, ubakishe nafasi tupu kila upande, kisha uikate. Kamera iwe kimo cha kifua, isiinamishwe. Pembeni weka vyungu vya maua, si wazee.

Naweza kutumia njia hii kwa picha ya pasipoti?

Hapana, dada. Picha ya kitambulisho haiguswi sura. Mwite mteja, simama mita moja na nusu au zaidi, piga upya.