Jinsi ya kupima wazo geni la kurusha setilaiti kutoka Maseno, Menengai au Elgon

Hoja huwa ni ile ile: ikweta inapita Maseno, karibu na Kisumu, mlima Elgon una mita 4,321, basi mzinga mrefu, puto kubwa au kamba ya kupandia angani itatufaa kuliko roketi. Chukua karatasi na kikokotoo chenye kitufe cha e. Fuata mpangilio ulio hapa, kwa sababu mawazo mengi hufia njiani mapema na hakuna haja ya kuyapigia hesabu ndefu.

Anza na kasi, kimo kitakuja baadaye. Setilaiti ya karibu haianguki kwa kuwa inakimbia kilomita 7.8 kwa sekunde. Ukiongeza kinachopotea kwa kushindana na uzito na hewa, roketi hulazimika kutafuta kama kilomita 9.4 kwa sekunde. Sasa toa zawadi ya ikweta: ukirusha kuelekea mashariki, mzunguko wa dunia unakupa mita 465 kwa sekunde. Florida, Marekani, kunakorushwa roketi nyingi, iliyo nyuzi 28.5 kaskazini, inapata 408. Maseno imeizidi Florida kwa mita 57 kwa sekunde, basi. Ikweta ina faida nyingine ya kweli kwa setilaiti zinazokaa juu ya ikweta yenyewe, maana hazilazimiki kugeuza njia, lakini faida hiyo haifuti hata moja ya namba zinazofuata.

Nishati ihesabu haraka uipite. Kilo moja inayokimbia kilomita 7.8 kwa sekunde imebeba megajuli 30, yaani uniti 8.5 hivi za stima. Hizo ni tokeni za shilingi mia chache tu. Hapo ndipo wengi hunaswa: wanaona nishati ni rahisi, wanadhani safari ni rahisi. Anayekuletea hesabu ya nishati peke yake bado hajakuletea kitu.

Puto hupimwa hapa hapa. Kupandisha kilo moja hadi kilomita 30 kunataka megajuli 0.29, haifiki asilimia moja ya zile 30. Faida ya puto iko kwingine: hewa ya kule ni chini ya asilimia 2 ya hewa ya pwani, kwa hiyo roketi haisukumani nayo na injini hufanya kazi vizuri zaidi. Mwanafizikia James Van Allen alirusha roketi ndogo za utafiti kutoka kwenye maputo kuanzia 1952, na zilifanya kazi. Tatizo ni ukubwa. Roketi ya tani 10 inataka heliamu kama mita za ujazo 11,400 ikijazwa Nakuru, chini ya Menengai, na gesi hiyo ikifika kilomita 30 itakuwa imevimba hadi 630,000, hata kabla ya kuhesabu uzito wa puto lenyewe. Halafu kuna upepo. Maputo ya intaneti ya Loon yaliyohudumia Nakuru, Kisumu na Kakamega mwaka 2020 yaliruka kama kilomita 20 juu, na njia pekee ya kuyaongoza ilikuwa kuyapandisha na kuyashusha kutafuta upepo unaokwenda wanakotaka. Roketi inayoning'inia na kuzunguka chini ya puto itaelekezwaje mashariki sawasawa? Swali hilo ulizwe mapema.

Mzinga na reli ya sumaku vina hesabu moja: kasi mara kasi, gawanya kwa urefu wa njia mara mbili. Chukua kilomita 8 kwa sekunde na bomba la kilomita 1 lililolazwa kwenye mteremko wa Menengai. Jibu ni mita 32,000 kwa sekunde kila sekunde, zaidi ya mara 3,200 ya uzito wa kawaida. Ukitaka mtu asafiri salama, kwa mara tatu tu ya uzito wake, bomba litakuwa la kilomita 1,067. Kutoka Kisumu hadi Mombasa kwa barabara ni pafupi kuliko hapo.

Mashine ya kuzungusha, ile inayozungusha mzigo kwenye mkono mrefu kisha kuuachilia, hupimwa kwa kasi mara kasi, gawanya kwa nusu kipenyo. Kampuni ya SpinLaunch ilianza majaribio New Mexico Oktoba 2021 kwa mashine ya kipenyo cha mita 33. Mashine ya mita 100 inayoachilia kitu kwa kilomita 2.2 kwa sekunde inakandamiza kila kilichomo karibu mara 10,000. Betri ya gramu 50 inalemea kishikizo chake kwa nusu tani. Viungo vya risasi ya kulehemu kwenye bodi ya elektroniki hukatika, nyaya hulala upande mmoja, kioo cha kamera hupasuka. Dawa yake ni kujaza nafasi zote kwa gundi ngumu, na mabomu ya mizinga yenye elektroniki yamestahimili misukosuko ya namna hiyo kwa miaka mingi. Hatari kubwa iko kwenye mkono unaozunguka. Mzigo wa kilo 100 ukiachiliwa, upande mmoja unapoteza mvuto wa tani 1,000 kwa kufumba na kufumbua, na beringi hupokea tofauti yote. Lazima uzito wa kusawazisha uachiliwe wakati huo huo, nao unahitaji mahali pa kugonga.

Sasa hewa. Shinikizo lake ni nusu ya uzito wa mita ya ujazo ya hewa, mara kasi, mara kasi. Usawa wa Nakuru, mita ya ujazo ya hewa ina kama kilo 1.02. Kwa kilomita 8 kwa sekunde, pua ya chombo inakutana na shinikizo la megapaskali 32, mara 300 na zaidi ya hewa tunayopumua na karibu mara 1,000 ya kile roketi kubwa hukutana nacho zinapopanda. Ukienda kileleni Elgon unapunguza theluthi moja hivi ya shinikizo la pwani. Pua bado inayeyuka.

Hata ikinusurika, kitu kilichorushwa mara moja kutoka ardhini hakiwezi kuingia kwenye mzingo, yaani njia ya kuizunguka dunia, kwa maana njia yake inarudi kupitia pale kilipotoka. Mzinga wa mhandisi Gerald Bull ulifikisha kitu kilomita 180 kule Yuma, Arizona, tarehe 18 Novemba 1966. Kikashuka. Kwa hiyo injini ya roketi inabaki palepale, nayo iwe imestahimili mkandamizo wote uliotangulia.

Hapo piga hesabu inayoamua. Gawanya kasi inayobaki kwa kasi ya moshi wa injini, kisha bonyeza kitufe cha e ili e ipandishwe kwa kipeo cha jibu hilo. Kwa mafuta taa na oksijeni moshi hutoka kama mita 3,300 kwa sekunde: 9,400 inaleta 17, yaani tani 17 ardhini kwa kila tani inayofika. Mashine ya kuzungusha ikikupa 2,200, jibu hushuka hadi 9. Hiyo si haba, na ndiyo sababu wazo hilo si la kuchekwa. Anayekuahidi kuondoa roketi kabisa, huyo mcheke.

Kamba ya angani isikuchukulie muda. Inapaswa kufika zaidi ya kilomita 35,786, kimo ambacho setilaiti huzunguka sambamba na dunia. Waya wa chuma bora ukining'inia hukatika kwa uzito wake ukifika kilomita 26 hivi, Kevlar, nyuzi za fulana za kuzuia risasi, kama 250, na kamba hii, hata ukihesabu kwamba uzito hupungua kadiri unavyopanda, inataka nguvu sawa na kujibeba karibu kilomita 4,900. Isitoshe, ukanda wa Kisii, Kakamega na ziwa lenyewe ni wa radi.

Mafuta makali yanajaribu pia. Lithiamu, florini na haidrojeni vimewahi kuchomwa kwa majaribio Marekani na kushinda haidrojeni na oksijeni kwa mbali, ila moshi wake una haidrojeni floraidi, inayochoma mapafu. Nakuru tayari ina floraidi ya kutosha kwenye maji ya visima. Meno ya watu ni ushahidi. Mpango wa Orion, ulioanza 1958, ulitaka kusukuma chombo kwa mabomu ya nyuklia. Kihesabu ulikubali. Mkataba wa 1963 ulipiga marufuku milipuko hiyo hewani na angani, na mavumbi yake yangeanguka na mvua juu ya mashamba ya watu.

Mwisho chora mstari kutoka Kisumu kwenda mashariki. Bahari iko zaidi ya kilomita 800, na kabla yake kuna Kericho, Nakuru, Nyeri na Garissa. Waitaliano walirushia baharini karibu na Malindi, 1967 hadi 1988, ili vipande vianguke majini. Mnamo 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kilo 500, kipenyo mita 2.5, ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, na kwa tathmini ya awali ilikuwa sehemu ya roketi iliyorushwa kwingine. Wazo lisiloonyesha vipande vyake vitaangukia wapi, na nani atafunga anga, halijakamilika.

Ukitaka kugusa kitu kwa mikono, anza na puto dogo la kamera, si mchanganyiko wa mafuta. Omba kibali cha mamlaka ya usafiri wa ndege, KCAA, kabla ya kununua gesi. Chagua heliamu hata kama haidrojeni ni nafuu: haidrojeni huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, na cheche ya sweta ya nailoni inatosha kuiwasha.