Nguo zinanuka uvundo? Msimlaumu aliyefua

Bukavu, mvua za Septemba zikirudi, lawama nazo zinarudi: baba anasema nguo hazikufuliwa, mama anasema sabuni ilikuwa kidogo. Mara nyingi kosa liko kwenye kukausha. Harufu ile ni ya bakteria wanaozaliana nguo ikikaa mbichi muda mrefu, na kuongeza sabuni bila kuisuuza vizuri kunazidisha, maana mabaki yake yanashika uchafu.

Nguo ya pamba ikishanuka, iloweke nusu saa katika lita 5 za maji ya moto na glasi moja ya siki nyeupe. Kisha fua, suuza mara mbili, kamua kwa nguvu. Siki isichanganywe kamwe na javeli (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo), inatoa gesi ya sumu!

Anika kwa kuacha nafasi ya kiganja kizima kati ya nguo, mifuko ya jinzi ikigeuzwa nje. Mvua ikinyesha, tumia baraza lenye upepo. Tafadhali, msikaushie chumbani kwa mbabula (jiko la makaa): hewa ya makaa inaua bila harufu.

Taulo mbichi isitupwe kwenye kapu la nguo chafu. Hilo mkubaliane wote, watoto pia. Kabla ya kukunja, gusa pindo na kiuno. Pakiwa na ubaridi, rudisha kambani.