SOMO: Nyoka wako amegoma kula? Soma hapa kabla hujanitumia meseji

Wakuu, habari za muda.

Wiki hii peke yake nimepokea meseji nne za aina moja: "Kaka, nyoka wangu hali, nifanyeje?" Ya nne iliingia saa saba usiku. Nimechoka kuandika yale yale, kwa hiyo naandika mara moja, na kuanzia leo atakayeniuliza namwelekeza huku.

Ninayemzungumzia ni chatu mfupi wa Afrika Magharibi, yule ambaye akiogopa anajiviringa kama mpira na kuficha kichwa katikati. Ninaye mwaka wa sita sasa hapa Moshono, kwa kibali. Chatu hawa kugoma ndiyo tabia yao. Mkubwa mwenye afya anaweza kukaa miezi bila kula na asidhurike, kwa hiyo ukianza kulia siku ya kumi, umeanza mapema. Kitoto ni habari nyingine: kikipitisha mwezi bila kula, tafuta daktari.

1. Kama umemleta juzi, mwache. Siku saba. Usimshike, usimpige picha, usiite majirani.

2. Tazama macho. Yakiwa na ukungu wa bluu, kama maji yaliyosuuza kikombe cha maziwa, anajiandaa kujivua gamba. Subiri amalize.

3. Joto. Hapa ndipo nilipoharibu mimi, kwa hiyo tulieni.

Ilikuwa Julai ya mwaka wa pili. Watu wa Arusha Julai mnaijua, wingu mpaka saa tano na Meru huuoni. Chatu akagoma. Kipimajoto kinasoma 31, nikajiambia joto lipo, tatizo ni panya. Nikabadilisha panya: mweupe, wa kijivu, mdogo, mkubwa. Wapi. Wiki ya saba nasafisha kizimba, nikaegemeza kiganja sakafuni, pale pale anapolala. Baridi kama sinia la bati asubuhi. Kumbe kipimajoto nilikibandika juu karibu na balbu, kwa sababu huko nilikuwa nakisoma bila kuinama! Nikakishusha chini: 23. Usiku, nilipokuwa nazima balbu nikidhani namfanyia hisani alale, ikashuka hadi 18. Wiki saba napima hewa ya darini na nyoka analala chini.

Kwa haraka ya kurekebisha nikaongeza kosa la pili. Nikanunua pedi ya joto, nikaitandika ndani ya kizimba, bila themostati, yaani kile kifaa kinachozima pedi joto likizidi. Siku ya tatu namgeuza, tumboni kuna doa jekundu na magamba matatu yamekunjamana kingo kama plastiki iliyopitiwa na moto. Wewe ukigusa sufuria unaruka. Nyoka anaweza kulala juu ya kitu kinachomuunguza na asitoke. Alama ile anayo mpaka leo.

Kwa hiyo:
- Kipimajoto kikae sakafuni, na viwe viwili, kimoja kila upande.
- Upande wa joto 31 hadi 32, upande wa baridi 25 hadi 26. Usiku usiruhusu kushuka chini ya 24.
- Pedi ikae NJE, chini ya kizimba, upande mmoja tu, na themostati. Huna themostati, huna pedi.
- Umeme ukikatika, USIINGIZE JIKO LA MKAA CHUMBANI. Hewa yake inaua watu, sembuse nyoka.

4. Maficho. Mawili, upande wa joto na upande wa baridi. Yambane, mgongo uguse dari. Ukimpa pango kubwa anajiona yuko barabarani.

5. Panya. Unene wake usizidi sehemu nene kuliko zote ya mwili wa nyoka. Akitoka kwenye friza, mwache ayeyuke kwenye friji usiku kucha, kisha mtie kwenye mfuko wa nailoni na umzamishe kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia mkono. Usimchemshe, tumbo litapasuka. Panya wa mtaani sitaki hata kumsikia: jirani ameweka sumu, panya kala sumu, nyoka kala panya. Na panya hai usimfungie na nyoka ukaenda kulala. Nyoka asiye na njaa anatafunwa mgongo na panya mwenye njaa.

6. Mpe jioni, taa hafifu, kwa koleo ndefu. Akikataa, ondoa baada ya nusu saa. Usijaribu tena mpaka wiki ipite. Kumsumbua kila siku ndiko kunakorefusha mgomo.

7. Mizani ya jikoni. Mpime kila wiki, andika. Mwaka jana wangu aligoma wiki kumi na moja, akatoka gramu 1,420 hadi 1,355. Hata asilimia tano haikufika, na mimi nilikuwa nalala usingizi. Ikikaribia asilimia kumi, usilale.

8. Kumsokomeza chakula kwa nguvu: HAPANA. Hiyo ni kazi ya daktari, tena mwisho kabisa.

Akitoa mapovu mdomoni, akipumua kwa kuachama, fizi zikiwa nyekundu au zina usaha mgumu, acha kusoma hapa na umpeleke kwa daktari wa mifugo. Piga simu kwanza uulize kama anashika nyoka, wengi wao wamezoea ng'ombe na mbwa.

Nawasilisha. Maswali hapo chini.

---

Dogo wa Sakina: Mkuu wangu hali wiki mbili, nifanyeje?

Mwandishi: Soma hatua ya 3. Kipimajoto chako kiko wapi?

Dogo wa Sakina: Sina kipimajoto, ila chumba kina joto la kawaida tu.

Mwandishi: La kawaida kwako, wewe una sweta.

Mzee wa Kijenge: Sisi zamani tulikuwa tunajua nyoka anapewa maziwa. Umejaribu?

Mwandishi: Shikamoo mzee. Nyoka hanywi maziwa. Akiwa na kiu kali atanywa chochote cha maji ulichomwekea, ndiyo maana watu wakaamini. Maji safi yanatosha.

Kamanda Usa: Mimi nimeokota chatu mdogo shambani huku Usa River, nimemweka kwenye ndoo siku ya tano, hataki kuku. Hatua zako hazifanyi kazi.

Mwandishi: Hatua zangu hazisemi ndoo. Na huyo si wako. Chatu wa porini ni mnyamapori, kumweka bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Piga simu TAWA, mamlaka ya wanyamapori, wamchukue.

Kamanda Usa: Sasa ukali wa nini? Si nimeuliza tu.

Mwandishi: Umeuliza, nimejibu. Ndoo ifunike kitambaa apate giza, usimpe chakula chochote, piga simu leo.

Binti Rau: Kaka habari. Nimesoma yote mara mbili. Swali langu: joto linahusianaje na njaa? Mimi nikisikia baridi ndiyo nakula zaidi.

Mwandishi: Dada, asante, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Wewe unakula ili upate moto wako mwenyewe. Nyoka moto anauazima nje, na tumbo lake linafanya kazi kwa moto huo huo wa kuazima. Akimeza panya mwili ukiwa wa baridi, panya anaoza tumboni kabla hajasagwa, na nyoka anamtapika. Kwa hiyo anapokataa kula kwenye baridi yuko sahihi, mwenye kosa ni mfugaji. (Akitapika, usimpe kitu kwa siku kumi hadi kumi na nne.) Kingine: tazama mdomo wa juu wa chatu, utaona vishimo vimepangana. Vile vinahisi joto la windo gizani. Ndiyo maana panya aliyeyeyuka lakini bado wa baridi anampita kama jiwe. Kabla ya kumpa, chovya kichwa cha panya tena kwenye maji ya moto, kikauke, ndipo umsogezee kichwa mbele.

Binti Rau: Vishimo nimeviona! Nilidhani ni makovu. Nina lingine: hapa Moshi najitolea kwenye kituo kinachotunza nyoka kwa kibali. Tumepokea mmoja mwembamba, kahawia, ana madoa mgongoni, kichwa kidogo. Akitishwa anajikunja na kusugua magamba, yanatoa sauti kama mafuta ya kukaangia. Panya, mjusi, chura, vyote kakataa mwezi wa pili sasa. Joto tumepima sakafuni.

Mwandishi: Alitoka wapi?

Binti Rau: Kwenye banda la kuku.

Mwandishi: Basi huenda hajagoma, mnampa asichokula. Kuna nyoka mla mayai, hali kitu kingine maisha yake yote. Meno karibu hana. Anameza yai zima, analivunja kwa mifupa ya shingoni, anakunywa, anatema ganda limekunjwa kama karatasi. Huyo anaiga nyoka wenye sumu kwa ile sauti ya magamba, kwa hiyo SITHIBITISHI kwa maelezo tu. Mkubwa wenu wa kituo amtambue kwanza, wewe usimshike. Akithibitisha, mwekeeni yai dogo bichi la ndege, usiku, na muondoke. La kware kwa nyoka mwembamba linaweza kuwa kubwa.

Fundi Ngaramtoni: Nachangia kuhusu umeme. Boksi jeupe la kubebea samaki, lile la povu, linatunza joto sana. Toboa matundu ya hewa, mweke nyoka ndani kwenye mfuko wa kitambaa, pembeni chupa ya soda yenye maji ya uvuguvugu imefungwa kitenge.

Mwandishi: Hii safi, nitaiongeza juu. Kitenge kiwe mikunjo miwili mitatu, na chupa isiguse nyoka.

Mama Happy: Mimi sina nyoka, ni mume wangu. Naomba unisaidie, friza yangu ina panya kumi na wawili karibu na samaki. Huu ni ungwana?

Mwandishi: Pole shemeji. Panya wawe na kopo lao lenye mfuniko unaobana, rafu ya chini kabisa, mbali na chakula, na koleo na bakuli lao visiingie jikoni.

Mama Happy: Na juu ya kopo aandike nini?

Mwandishi: PANYA, herufi kubwa. Mimi niliandika "kitoweo", mama mkwe akaja kutoka Machame kututembelea.